Kumpokea Mgeni wa Kigeni Ukiwa Mwanza: Viza, Chanjo na Taratibu za Mpakani

Mgeni wa kigeni anayekuja Mwanza huwa amekwisha kuingia Tanzania kabla hajaliona Ziwa. Akija kwa ndege, kwa kawaida pasipoti yake hugongwa muhuri Dar es Salaam, Kilimanjaro au Zanzibar. Akija kwa barabara hugongwa Sirari akitokea Kenya, Mutukula akitokea Uganda, Rusumo akitokea Rwanda au Kabanga akitokea Burundi. Katika vituo hivyo vyote mwenyeji wake yupo mbali, pengine amelala Nyegezi au yupo dukani kwake Kirumba, na hana la kufanya zaidi ya kushika simu na kusubiri. Kwa hiyo msaada wa maana ambao mwenyeji anaweza kumpa mgeni wake ni ule unaotolewa wiki kadhaa kabla ya safari, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenyeji huyo: mzazi anayempokea mkwe kutoka Ujerumani, shule inayongoja mwalimu wa kujitolea, kiwanda kilichoagiza fundi wa mitambo, au taasisi ya utafiti inayotarajia mtaalamu mgeni.

Hatua ya kwanza: Angalia pasipoti, si makazi

Kinachoamua kama mgeni anahitaji viza ni uraia ulioandikwa kwenye pasipoti atakayosafiria. Mkenya aliyeishi Toronto kwa muda mrefu, kama bado anatumia pasipoti ya Kenya, haombi viza ya Tanzania, ilhali jirani yake mwenye pasipoti ya Kanada anapaswa kuiomba. Raia wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi huingia bila viza kwa kuwa nchi zao ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wanaweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Hata hivyo wanatakiwa kuwa na pasipoti au hati nyingine halali ya kusafiria, na wasitegemee kwamba kitambulisho cha taifa pekee kitawavusha. Wapo pia raia wa nchi nyingine ambao hawadaiwi viza, wakiwemo wa Zambia, Malawi na Afrika Kusini. Orodha kamili ipo kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, na ni vyema kuisoma huko badala ya kutegemea kumbukumbu ya mtu, kwa sababu hubadilika.

Kundi jingine ni la mataifa ambayo maombi ya raia wake hupelekwa makao makuu kwa uchunguzi kabla ya kibali kutolewa, na kwa Kiswahili cha Uhamiaji viza hiyo huitwa viza rejea. Raia wa Somalia na Afghanistan wamo katika kundi hili. Mgeni wa kundi hili asifike mpakani akitarajia kupewa viza papo hapo. Aombe mapema iwezekanavyo, na asilipie tiketi isiyorejesheka kabla ya jibu kutoka.

Familia nyingi za Kanda ya Ziwa zina mtoto au shangazi aliyehamia ughaibuni na kuchukua uraia wa huko. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo ndugu huyo, hata kama alizaliwa Sengerema na Kisukuma chake hakijachuja, mbele ya afisa wa Uhamiaji ni mgeni kama wageni wengine wa uraia wake mpya. Mabadiliko ya sheria yaliyopitishwa mwaka 2024 yaliweka utaratibu wa Hadhi Maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, lakini hadhi hiyo huombwa na kutolewa, haiji yenyewe kwa sababu ya jina la ukoo. Asiyekuwa nayo mkononi aombe viza kama kawaida.

Hatua ya pili: Amua mgeni anakuja kufanya nini hasa

Hapa ndipo mwenyeji ana wajibu mkubwa kuliko mgeni, kwa sababu mgeni huijua safari yake lakini shughuli inayomsubiri Mwanza anaijua mwenyeji. Wenyeji wengi humwandikia kila mgeni kwamba anakuja kutembea, kwa kuwa ndiyo njia fupi na ya bei nafuu, kisha afisa anapomkuta mgeni huyo darasani ameshika chaki au kiwandani amevaa ovaroli, lawama huwaangukia wote wawili.

Viza ya kawaida ni ya kuingia mara moja, hugharimu dola 50 za Marekani, na humruhusu mgeni kukaa kwa muda usiozidi siku 90. Inamfaa anayekuja kumsalimia ndugu, kuhudhuria harusi au msiba, au kutalii Saanane, Rubondo na Serengeti. Viza ya kuingia mara nyingi hugharimu dola 100 na hudumu miezi 12, ila kila anapoingia mgeni hatakiwi kupitisha siku 90. Raia wa Marekani hutozwa hiyo ya dola 100 hata kama wanakuja mara moja tu. Mgeni Mmarekani akilalamika kwamba mwenzake Mwingereza amelipa nusu ya fedha hiyo, usidhani ametapeliwa. Anayepita tu kuelekea nchi nyingine huomba viza ya mapito, ambayo ni dola 30 na haizidi siku saba.

Viza ya biashara, ambayo ni dola 250, ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Imekusudiwa mtu anayekuja kwa kazi maalumu ya muda mfupi usiozidi siku 90: fundi anayekuja kufunga au kutengeneza mashine katika kiwanda cha minofu ya sangara, mkaguzi wa hesabu aliyetumwa na kampuni mama, mhandisi anayekuja kukagua mtambo kisha aondoke. Si lazima awe anauza au kununua kitu. Kinachotazamwa ni kwamba atatumia ujuzi wake kufanya kazi akiwa ndani ya nchi. Mwenyeji anayeona dola 250 ni nyingi na kumshauri fundi aombe viza ya kawaida anaokoa dola 200 na kuiweka rehani kazi nzima aliyoiagiza.

Kazi ikizidi muda huo, suala linatoka kwenye viza na kuingia kwenye kibali cha ukaazi. Daraja A ni la wawekezaji na wanaojiajiri, Daraja B ni la walioajiriwa, na Daraja C hujumuisha wanafunzi, watafiti, wamisionari na wanaojitolea. Kwa ajira, kibali cha ukaazi hutanguliwa na kibali cha kazi kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni. Maombi haya hufanywa na mwajiri, tena kabla mfanyakazi hajasafiri.

Wanaojitolea wanastahili maelezo zaidi, kwa kuwa Mwanza ina shule, vituo vya kulelea watoto na zahanati nyingi zinazopokea vijana kutoka Ulaya na Marekani kila likizo. Kutolipwa mshahara hakuibadilishi kazi kuwa matembezi. Kijana anayefundisha Kiingereza kwa wiki sita anafanya kazi, na taasisi inayompokea inapaswa kuandika barua Uhamiaji, ieleze muda na shughuli, na kuuliza ni kibali gani kinamhusu kabla hajanunua tiketi. Vivyo hivyo kwa wanafunzi wa udaktari wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo katika hospitali kama Bugando: mwanafunzi asianze kujaza fomu ya viza akiwa hajapata barua ya kukubaliwa na hospitali yenyewe.

Watafiti wana lango jingine la ziada. Mgeni anayekuja kukusanya takwimu, iwe ni za samaki wa Ziwa, kichocho au mila za Wakerewe, anahitaji kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, na utafiti unaohusu afya ya binadamu unahitaji pia kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo ina kituo hapa Mwanza. Vibali hivi hutangulia na kibali cha ukaazi hufuata. Anayekuja kupiga filamu naye ashughulikie kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kupakia kamera zake.

Hatua ya tatu: Kusanya nyaraka na andika barua ya mwaliko

Pasipoti ya mgeni iwe na uhai wa angalau miezi sita kuanzia siku ya kuingia nchini, na iwe na ukurasa mtupu wa kugongwa muhuri. Mwombe akutumie picha ya ukurasa wenye taarifa zake mara tu mnapokubaliana tarehe, kwa sababu kuhuisha pasipoti katika nchi nyingine huchukua wiki nyingi, na ni jambo ambalo mgeni hulikumbuka akiwa tayari amefunga mizigo. Nyaraka nyingine anazohitaji ni picha ndogo ya pasipoti ya hivi karibuni, uthibitisho wa tiketi ya kurudi au ya kuendelea na safari, na uthibitisho wa mahali atakapolala. Watoto nao husafiri na pasipoti zao na huombewa viza zao.

Kama atalala hotelini, uthibitisho wa hoteli unatosha. Kama atalala kwako, mwandikie barua fupi isiyo na mbwembwe. Inaweza kusomeka hivi:

"Mimi (jina kamili), raia wa Tanzania, mkazi wa Mtaa wa (jina la mtaa), Kata ya Buhongwa, Wilaya ya Nyamagana, Mkoa wa Mwanza, ninathibitisha kuwa nimemwalika (jina la mgeni kama lilivyoandikwa kwenye pasipoti), raia wa Ujerumani, mwenye pasipoti namba (namba), kwa matembezi ya kifamilia kuanzia tarehe (tarehe) hadi tarehe (tarehe). Atakaa nyumbani kwangu kwa muda wote huo. Nauli amejilipia mwenyewe. Malazi na chakula vitakuwa juu yangu. Ninapatikana kwa simu namba (namba)."

Weka saini, tarehe na nakala ya kitambulisho chako cha taifa. Shule, kampuni na taasisi ziandike kwenye karatasi yenye nembo, zitaje cheo cha anayesaini, na zieleze shughuli kwa ukweli ule ule uliotumika kuchagua aina ya viza. Barua inayosema mgeni ni mkufunzi huku fomu ikisema ni mtalii ni mbaya kuliko kutokuwa na barua kabisa. Mpe mgeni nakala ya karatasi aibebe kwenye begi la mkononi, kwa kuwa simu huzima chaji, na mgeni aliyesafiri saa 20 akiulizwa anakwenda kukaa wapi, jibu la Mwanza peke yake halimtoshi afisa.

Hatua ya nne: Jaza maombi kwenye mtandao

Tanzania ilianza kutoa viza kwa mtandao mwaka 2018, na maombi hufanywa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, visa.immigration.go.tz. Zingatia mwisho wa anwani hiyo. Zipo tovuti nyingi za watu binafsi zenye bendera ya taifa na picha za twiga, ambazo hupokea fedha zaidi ya ada halali na kisha kuyapeleka maombi kule kule, au kutoyapeleka kabisa. Mtumie mgeni anwani sahihi wewe mwenyewe kwa ujumbe, usimwache aitafute, kwani anayetafuta kwenye intaneti huonyeshwa kwanza tovuti zilizolipia matangazo.

Katika fomu, majina yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye pasipoti, likiwemo jina la kati ambalo mgeni hajalitumia tangu abatizwe. Wageni wengi hukwama kwenye sehemu inayohusu mwenyeji aliyeko Tanzania, hivyo mwandikie mapema jina lako, anwani na simu yenye tarakimu za nchi, 255, mwanzoni. Sehemu ya kituo cha kuingilia ijazwe kwa kituo anachoingilia kweli. Kwa mgeni anayetua Dar es Salaam na kuunganisha ndege ya ndani hadi Mwanza, kituo chake ni Dar es Salaam.

Malipo hufanywa kwa kadi ya benki, na ada hairudishwi hata maombi yakikataliwa. Baada ya kulipa, aitunze namba ya maombi, kwa sababu ndiyo itakayomwezesha kufuatilia. Jibu linaweza kuchukua siku kumi za kazi au zaidi, ingawa wapo wanaolipata mapema. Mimi hushauri maombi yaende angalau mwezi mmoja kabla ya safari, muda unaotosha kusahihisha picha iliyokataliwa au ukurasa wa pasipoti uliotiwa kivuli wakati wa kuskaniwa. Maombi yakikubaliwa, mgeni hupata taarifa ya kibali kwa barua pepe. Aichapishe na kuiweka pamoja na barua ya mwaliko.

Ni kweli kwamba raia wa nchi nyingi wanaweza kupewa viza wanapowasili katika viwanja vikubwa vya ndege na baadhi ya mipaka. Kwa anayetua Dar es Salaam mchana akiwa na fedha taslimu, njia hiyo humfikisha, japo hupanga foleni mara mbili. Kwa anayekuja na basi la usiku kupitia Sirari au Mutukula, singependa mgeni wangu aitegemee.

Hatua ya tano: Homa ya manjano

Tanzania haimdai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kila anayeingia. Inamdai msafiri mwenye umri wa mwaka mmoja au zaidi anayetoka katika nchi yenye hatari ya maambukizi ya ugonjwa huo, au aliyesubiri ndege katika uwanja wa nchi ya namna hiyo kwa zaidi ya saa 12. Kenya, Uganda, Burundi na Ethiopia zimo katika orodha ya nchi hizo. Kwa mgeni wa Mwanza sharti hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu Nairobi, Entebbe na Addis Ababa ndizo njia zetu za kila siku. Mgeni kutoka Uholanzi anayetua Nairobi, akalala usiku mmoja na kesho yake akapanda basi la Mwanza, anafika Sirari akitokea Kenya, si akitokea Uholanzi. Naye anayepitia Addis Ababa aangalie saa za kusubiri kwenye tiketi: saa tatu hazimdai kitu, lakini akilazwa hotelini na shirika la ndege hadi siku ya pili, hesabu inabadilika.

Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuingia nchini, vinginevyo cheti huhesabiwa kuwa bado hakijaanza kufanya kazi. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hata kama kimeandikwa kuwa kinaisha baada ya miaka kumi. Asiyeweza kuchanjwa kwa sababu za kiafya abebe barua rasmi ya daktari. Mgeni asiende mpakani akitarajia kwamba kitabu cha manjano kitapatikana pale pale kwa kuzungumza. Kitabu kisicho na sindano nyuma yake ni cheti cha kughushi, na anayekinunua ndiye anayebaki nacho mkononi kikigundulika.

Upande wa Kagera, wasafiri wanaweza pia kukuta vipimo vya joto la mwili na maswali ya afya, jambo lisiloshangaza katika mkoa ulioshuhudia milipuko ya Marburg mwaka 2023 na 2025. Kuhusu malaria, hakuna cheti kinachodaiwa, lakini mgeni azungumze na daktari wake kuhusu dawa za kinga, kwa kuwa mwambao wote wa Ziwa una mbu.

Hatua ya sita: Chagua mlango wa kuingilia

Anayekuja kwa ndege hukamilisha taratibu za Uhamiaji na forodha katika uwanja wa kwanza anaotua, kisha huwa abiria wa ndani hadi Mwanza. Acha muda wa kutosha kati ya ndege hizo mbili, kwa sababu atapanga foleni, atachukua mizigo yake na huenda akalazimika kuhamia jengo jingine la abiria. Saa tatu ni kiasi cha chini ambacho ningekubali. Anayepitia Zanzibar ajue kwamba tangu Oktoba 1, 2024 wageni wa kigeni wanaoingia visiwani hulazimika kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44, hata kama wana bima nyingine kutoka kwao.

Kwa barabara, njia ya Sirari ndiyo inayotumiwa na mabasi ya Nairobi: hupita Kisii na Migori, huvuka Isebania, kisha hushuka Tarime, Bunda, Lamadi na Magu hadi stendi ya Nyamhongolo. Watalii wanaotoka Maasai Mara hupenda kuuliza kama wanaweza kuvuka moja kwa moja kuingia Serengeti, kwa kuwa mbuga hizo zimepakana na nyumbu huvuka wapendavyo. Jibu ni hapana. Kituo cha Bologonja hakitumiki kwa watalii, nao hulazimika kuzunguka hadi Sirari kabla ya kuingia hifadhini kwa lango la Ndabaka lililo kandokando ya barabara yetu ya Musoma.

Kosa la kawaida kwa wageni wanaotoka Kampala au Kigali ni kudhani kwamba Viza ya Utalii ya Afrika Mashariki inawafikisha hadi Mwanza. Viza hiyo, ya dola 100 na siku 90, inahusu Kenya, Uganda na Rwanda tu. Mwenye nayo akifika Mutukula anahesabiwa kuwa hana viza ya Tanzania, na jina la viza hiyo lisimdanganye. Akishavuka, anaweza kwenda Bukoba na kupanda meli ya usiku hadi Mwanza, au kuendelea na barabara kupitia Biharamulo na Geita. Wanaofuata barabara hiyo, pamoja na wanaotoka Rusumo, hawasubiri tena kivuko cha Busisi tangu daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025.

Hatua ya saba: Dirishani

Mipaka yetu mikubwa siku hizi ni vituo vya pamoja, ambapo maafisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja. Msafiri anayeingia Tanzania humaliza kila kitu katika jengo la upande wa Tanzania: dirisha la kwanza anagongewa muhuri wa kutoka nchi ya jirani, dirisha la pili wa kuingia kwetu. Abiria wa basi hushuka wote, hupanga mstari wakiwa na usingizi, huku kondakta akipiga kelele kwamba gari linaondoka, na ni rahisi mtu kupita dirisha moja akarudi kitini. Mwelekeze mgeni wako afungue pasipoti kabla ya kutoka ndani ya jengo na kuhesabu mihuri miwili. Ukikosekana mmoja arudi, hata kama kondakta ananuna, kwa sababu mtu asiye na muhuri wa kuingia hana namna ya kuthibitisha kwamba aliingia kihalali, na gharama ya kulithibitisha hilo baadaye ni kubwa kuliko nauli ya basi jingine.

Afisa atachukua alama za vidole na picha, na atauliza anakwenda wapi, kwa nani, kwa shughuli gani na kwa siku ngapi. Majibu yawe mafupi na yalingane na fomu. Kisha mgeni asome muhuri wenyewe, kwani idadi ya siku alizopewa huandikwa pale, na zinaweza kuwa chache kuliko 90. Tarehe hiyo ndiyo inayomfunga. Akiona imekosewa, amwambie afisa kwa heshima hapo hapo dirishani.

Kila fedha inayolipwa kituoni iwe na stakabadhi ya serikali. Mgeni anayebeba dola ahakikishe noti si chakavu wala za matoleo ya zamani, na mwenye kiasi kinachofikia dola 10,000 au zaidi ajaze tamko la forodha. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo ile ya maduka ya viwanjani aiache kwenye ndege. Vifuko vyenye zipu vya kuwekea sabuni na dawa ya meno vinaruhusiwa alimradi aondoke navyo. Ndege isiyo na rubani haiingii bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mimi ningemshauri mgeni aiache nyumbani.

Hatua ya nane: Baada ya kufika

Siku ya kwanza au ya pili, mpeleke mgeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe wa shina na umtambulishe. Ofisi ya mtaa ikimjua, maswali ya majirani hupata jibu kabla hayajafika polisi. Piga picha ukurasa wa pasipoti na ukurasa wa muhuri, uzihifadhi kwenye simu yako. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti yake na alama za vidole. Usimsajilie kwa jina lako kwa kumwonea huruma ya foleni, kwa kuwa lolote litakalofanywa kwa laini hiyo litaulizwa kwako.

Kama mna mpango wa kwenda Kisumu au Jinja na kurudi, ulizeni ofisi ya Uhamiaji kabla ya kuondoka kama viza aliyo nayo inamruhusu kurejea, kisha mshughulikie masharti ya upande wa pili, kwani Kenya hudai idhini ya safari ya kielektroniki kutoka kwa raia wa nchi nyingi na Uganda ina viza yake ya mtandaoni. Viza ya kuingia mara moja isichukuliwe kuwa tiketi ya kwenda na kurudi.

Hesabu siku kuanzia tarehe ya muhuri, ukiihesabu na siku yenyewe ya kuingia. Mgeni akihitaji kubaki zaidi, kwa mfano ameugua au mazishi yamesogezwa, aende ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa akiwa bado na siku mkononi, walau wiki moja, akiwa na pasipoti, barua yako mpya inayoeleza sababu, na vielelezo kama cheti cha hospitali. Siku zikishapita, kinachozungumzwa ofisini ni kosa na adhabu yake, na anaweza pia kuzuiwa kuingia tena. Siku ya kuondoka agongewe muhuri wa kutoka katika kituo chochote rasmi. Si lazima kiwe kile alichoingilia, hivyo aliyeingia Mutukula anaweza kutokea Dar es Salaam bila shida, mradi tarehe haijapita.